Mafuta ya Kunukia Katika Bidhaa za Kuogea na Kujipaka: Mwongozo Kamili wa Kuyachagua, Kuyapima na Kuyachanganya

Chupa ya mililita 10 ya mafuta ya mchaichai, ndogo kiasi cha kupotea ndani ya kiganja, inatosha kutia harufu zaidi ya kilo mbili za skrabu ya sukari, yaani mchanganyiko wa kusugulia ngozi. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwa watu wanaotengeneza sabuni, siagi za mwili na mafuta ya kujipaka majumbani mwao hapa Nairobi yana chanzo kimoja: chupa ni ndogo, harufu ni ya mmea tuliouzoea tangu utotoni, basi mtu hukadiria kwa jicho jinsi anavyomimina mafuta ya kupikia kikaangoni. Matokeo yake ni ngozi inayowasha, mtoto anayekohoa, na fedha zilizomwagwa bure. Kwa hiyo mwongozo huu unatanguliza kipimo, na harufu inafuata nyuma yake.

Kuna maandishi yanayoyaita mafuta haya "mafuta muhimu". Jina hilo linapotosha, kwa kuwa mwili hauyahitaji kama unavyohitaji chakula. Maana iliyokusudiwa ni kwamba yamebeba kiini cha harufu ya mmea. Hapa nitayaita mafuta ya kunukia, na yale ya mbegu na matunda tunayoyatumia kuyazimua, kama vile ya nazi, alizeti au parachichi, nitayaita mafuta ya msingi.

Kilichomo ndani ya chupa

Mengi ya mafuta ya kunukia hupatikana kwa kukeneka. Mvuke hupitishwa katika majani, maua, magome au utomvu, hubeba chembe za harufu, kisha hupozwa ukawa maji, na mafuta yakaelea juu yake yakakusanywa. Ya machungwa, ndimu na malimau kwa kawaida hukamuliwa moja kwa moja kutoka kwenye maganda bila joto. Asumini haivumilii mvuke, hivyo harufu yake hutolewa kwa viyeyusho, na ndiyo maana mtu anayekuuzia "mafuta ya asumini yaliyokenekwa" kwa bei ya soda anakuuzia manukato ya kiwandani. Waridi nalo hukenekwa, lakini kilo moja ya mafuta yake huhitaji takriban tani 3 hadi 5 za petali, tena za waridi la aina maalumu lenye harufu nzito, wala si lile la Naivasha linalokuzwa ili lidumu katika chombo cha maua.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hali hiyo, na yote yatajirudia katika kila hatua. Kwanza, ukali wa mafuta haya haufanani hata kidogo na ukali wa jani lililochemshwa katika chai. Pili, huyeyuka katika mafuta mengine na katika spiriti, lakini hayayeyuki katika maji. Tatu, huruka hewani upesi na hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo chupa yake haifunguliwi kando ya jiko la gesi linalowaka.

Hatua ya kwanza: kununua kwa macho na pua

Malighafi nyingi za kazi hii hupatikana katika maduka ya kemikali za sabuni na vipodozi ya River Road na mitaa inayoizunguka. Maduka ya viungo ya Parklands huuza mafuta ya ufuta, ya nyonyo na ya mlozi, na Eastleigh ndiko kwenye ubani, udi na manemane. Ukiwa Eastleigh, tofautisha uturi na mafuta ya kunukia. Uturi mwingi wa leo ni manukato yaliyochanganywa viwandani. Ni mzuri kwa nguo na kwa shughuli za harusi, lakini muuzaji hawezi kukuambia kilichomo, na kisichojulikana hakipimiki.

Soma lebo kabla ya kunusa. Chupa ya kuaminika huandika jina la kitaalamu la mmea kwa Kilatini, sehemu ya mmea iliyotumika, nchi ulikotoka, nambari ya toleo (kundi la chupa zilizojazwa pamoja) na tarehe. Mkaratusi una spishi nyingi, na mdalasini wa gome si sawa na mdalasini wa jani, hivyo jina la kawaida pekee halitoshi. Kioo kiwe cha rangi ya kahawia au buluu iliyokolea, kwa maana mwanga huyaharibu mafuta, na mafuta yasiyozimuliwa huila plastiki taratibu. Duka likiuza lavenda, waridi, sandali na machungwa kwa bei moja, ondoka. Vilevile hakuna mafuta ya kunukia yanayokenekwa kutoka kwenye stroberi, tikitimaji au tufaha. Harufu hizo zote ni za maabara.

Nyumbani unaweza kufanya jaribio moja rahisi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uiache usiku kucha. Mafuta mepesi kama ya mchaichai, mnanaa au limau yanapaswa kuruka yote bila kuacha duara la mafuta. Duara likibaki, huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Jaribio hili haliwezi kufichua manukato ya maabara, na mafuta mazito kama ya sandali huacha alama hata yakiwa safi, kwa hiyo lichukulie kuwa dalili tu.

Kuhusu sandali ninaomba tuwe na msimamo. Msandali wa Afrika Mashariki, ambao hukatwa pamoja na mizizi yake ili kupata mafuta, umepigwa marufuku kuvunwa katika misitu ya Kenya tangu mwaka 2007, na mwaka 2013 uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, yaani CITES. Anayekupa kwa siri chupa ya "sandali ya Samburu" anakupa mti uliong'olewa. Mahali pake tumia ubani, ambao ni utomvu unaokusanywa na wafugaji wa kaskazini mwa nchi bila kuung'oa mti.

Mimea tuliyo nayo karibu

Mchaichai ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu hukua hata kwenye ndoo katika baraza la nyumba ya ghorofa, na mafuta yake ni ya bei nafuu. Harufu yake hutokana hasa na sitrali, kemikali inayoamsha mzio kwa urahisi. Kwa bidhaa inayobaki kwenye ngozi kiwango chake cha juu ni asilimia 0.7. Leleshwa, kichaka cha rangi ya kijivu kinachotapakaa kandokando ya Naivasha na Nakuru, hukenekwa hapa hapa Kenya na hutoa harufu iliyo karibu na kafuri. Wamaasai walikuwa wakijipaka majani yake kwapani ili kuondoa harufu ya jasho tangu zamani, na hadi leo mafuta yake yanafaa katika sabuni na katika mafuta ya miguu.

Lavenda ndiyo nyepesi na ndiyo ninayompa anayeanza. Mti wa chai, ambao asili yake ni Australia na hauna uhusiano wowote na majani ya chai ya Kericho, hutumika kwa ngozi yenye chunusi, lakini huchakaa upesi ukifunguliwa mara kwa mara. Rozmari imependwa sana Nairobi kwa mafuta ya nywele; asilimia 1 inatosha, kwani kuongeza kunakausha na kuwasha ngozi ya kichwa bila kuongeza nywele. Mnanaa hupoza, na asilimia 0.5 yake tayari huleta baridi inayosikika. Mlangilangi, ambao harufu ya maua yake inajulikana vyema Zanzibar na Komoro, usizidi asilimia 0.8.

Karafuu na mdalasini zinahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu tumezizoea jikoni tukadhani ngozi nayo imezizoea. Karafuu isizidi asilimia 0.5. Mafuta ya gome la mdalasini kikomo chake ni kama asilimia 0.07, yaani chini ya gramu moja katika kilo nzima ya bidhaa, na ushauri wangu ni kuyaacha kabisa. Shangazi yangu aliwahi kujipaka gotini matone machache ya mdalasini yasiyozimuliwa. Asubuhi alikuwa na malengelenge mfano wa mtu aliyemwagikiwa uji wa moto, na alama zake zilichukua miezi kufifia.

Mwisho ni jamii ya machungwa. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda ya limau, ndimu, balungi na bergamoti yana kemikali zinazoifanya ngozi iungue juani. Nairobi iko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa Ikweta na juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hivyo jua letu lina ukali mwaka mzima hata siku ambayo hewa ni baridi. Katika bidhaa zinazobaki kwenye ngozi, limau lisizidi asilimia 2, ndimu 0.7, bergamoti 0.4. Chungwa tamu halina tatizo hilo, na ndimu iliyokenekwa kwa mvuke pia haina, jambo linalofanya iwe lazima kumuuliza muuzaji jinsi mafuta yalivyopatikana. Bidhaa zinazosuuzwa, kama sabuni, hazileti hatari hiyo.

Hatua ya pili: hesabu ya kipimo

Kanuni ni moja. Chukua uzito wa bidhaa nzima kwa gramu, uuzidishe kwa asilimia unayotaka, kisha ugawe kwa 100. Siagi ya mwili ya gramu 200 yenye asilimia 1 ya mafuta ya kunukia itahitaji gramu 2. Mafuta ya uso ya gramu 30 yenye asilimia 0.5 yatahitaji gramu 0.15, na hapo utaona mara moja kwa nini mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja haifai. Mizani ndogo ya vito, inayopima hadi gramu 0.01, huuzwa kwa bei ambayo utairudisha kwa kuacha kumwaga mafuta ovyo.

Viwango ninavyovifuata mimi ni hivi: uso, asilimia 0.5 hadi 1. Mwili mzima kila siku, asilimia 1, na kwa mtu mzima mwenye ngozi isiyo na matatizo hadi 2. Skrabu na sabuni zinazosuuzwa, hadi 3. Ndani ya jumla hiyo kila mmea hubaki na kikomo chake. Huwezi kutia mchaichai asilimia 2 kwa sababu tu jumla inaruhusu asilimia 2. Utatia mchaichai kidogo, na sehemu iliyobaki ijazwe na lavenda au ubani.

Matone yanakubalika kwa kiasi kidogo cha matumizi ya nyumbani. Takriban matone 20 hufanya mililita 1, lakini idadi hiyo hubadilika kulingana na uzito wa mafuta na upana wa tundu la kudondoshea, na nimewahi kuhesabu tofauti ya karibu nusu kati ya chupa mbili zilizosimama kwenye rafu moja. Ukishaanza kuuza, acha kuhesabu matone.

Hatua ya tatu: kutayarisha meza

Bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu, sufuria ya maji ya kulikalisha bakuli hilo, kijiko cha chuma, kipimajoto cha jikoni, glavu na daftari vinatosha. Osha vyombo na chupa kwa sabuni, vichemshe, vikauke kabisa, kisha vipanguse kwa spiriti ya asilimia 70. Kwa kimo cha Nairobi maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo usitegemee kuchemsha peke yake. Tone la maji lililobaki ndani ya chupa linaweza kuharibu kazi ya siku nzima.

Fungua dirisha. Watu wenye pumu wakae chumba kingine, na paka naye atolewe nje, kwani mwili wa paka hushindwa kuchuja baadhi ya kemikali hizi. Andika katika daftari kila uzito kabla ya kumimina, pamoja na nambari ya toleo ya kila chupa. Ngozi ya mtu ikiwasha baada ya mwezi, ukurasa huo ndio utakaokuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Mafuta ya mwili ya kujipaka baada ya kuoga

Hii ndiyo bidhaa ya kujifunzia, kwa kuwa haina maji wala joto. Kwa gramu 100 pima alizeti gramu 60, makadamia gramu 38.5, vitamini E gramu 0.5, lavenda gramu 0.6, ubani gramu 0.3 na mlangilangi gramu 0.1. Makadamia ya Murang'a na Embu hutoa mafuta yanayonyweka upesi bila kuiacha ngozi ikiteleza, na ukikosa, parachichi hufaa japo ni zito zaidi. Anza kwa kuchanganya mafuta ya kunukia peke yake katika chupa ndogo, uyaache siku moja au mbili, kwa sababu harufu tatu zilizokutana sasa hivi hazinuki kama zitakavyonuka zikishazoeana. Kisha yamimine katika mafuta ya msingi, koroga, tia katika chupa ya kahawia. Mafuta haya hupakwa ngozi ingali na unyevu wa maji ya kuoga, na kijiko kimoja cha chai hutosha miguu yote miwili.

Siagi ya mwili

Kwa gramu 200 utahitaji siagi ya shea (mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea) gramu 130, mafuta ya nazi gramu 38, alizeti gramu 23, wanga wa mahindi gramu 6, vitamini E gramu 1, na mafuta ya kunukia gramu 2, ambayo mimi huyagawa kuwa chungwa tamu gramu 1.2 na ubani gramu 0.8. Wanga hupunguza utelezi, na anayeutaka utelezi anaweza kuuacha na kuongeza alizeti.

Weka shea na nazi katika bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole hadi ziyeyuke zote, uzitoe, uongeze alizeti. Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Ukitia mafuta ya kunukia katika mchanganyiko wa nyuzi 70 utanusa harufu tamu jikoni kote, na harufu hiyo unayoinusa ndiyo inayokutoka. Subiri kipimajoto kionyeshe nyuzi 40 au chini yake. Kupoza nako kuna siri. Shea ikipoa polepole hufanya punje punje kama sukari guru, hivyo weka bakuli ndani ya maji ya barafu au kwenye jokofu, ukikoroga kila baada ya dakika chache, hadi kingo zianze kuganda na katikati kubaki laini. Sasa tia vitamini E, wanga na mafuta ya kunukia, upige kwa mashine ya kupigia keki kwa dakika tano hadi kumi hadi iwe nyeupe na nyepesi.

Majira yana neno lake katika bidhaa hii. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mwezi wa Julai chupa yake hapa Nairobi husimama ngumu kama mshumaa na siagi inakuwa nzito kuchota. Wakati huo punguza nazi gramu 15 na uongeze alizeti gramu 15. Mteja akiichukua siagi hiyo kwenda nayo Mombasa, itamfikia ikiwa mchuzi. Kwa wa Pwani huondoa gramu 20 za alizeti na kuweka siagi ya kakao gramu 12 na nta ya nyuki gramu 8, nikiziyeyusha pamoja na shea. Zingatia pia kwamba shea inayotoka kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, hivyo ukibadilisha muuzaji tengeneza kidogo kwanza.

Skrabu ya sukari

Sukari nyeupe yenye chembe ndogo gramu 200, alizeti au nazi iliyoyeyushwa gramu 98, mchaichai gramu 1 na rozmari gramu 1. Changanya mafuta yote kwanza, kisha yamimine juu ya sukari. Chumvi ya Malindi huweza kuchukua nafasi ya sukari kwa ajili ya visigino, lakini haifai kwa ngozi iliyonyolewa karibuni. Watumiaji waambiwe wachote kwa kijiko kikavu, kwa sababu mkono wenye maji hupeleka ndani ya kopo kile ambacho mchanganyiko huu hauna kinga nacho, na waambiwe pia kwamba sakafu ya bafu itateleza.

Kuoga kwa beseni na kuloweka miguu

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kudondosha mafuta ya kunukia moja kwa moja katika maji ya kuoga. Hayayeyuki. Huelea kama utando, na utando huo hukutana na ngozi ukiwa haujazimuliwa hata kidogo, mara nyingi katika sehemu za mwili zisizostahimili. Chumvi na maziwa, vinavyosifiwa sana kwa kazi hii, havibadilishi jambo hilo. Chumvi hubeba mafuta hadi majini kisha huyeyuka na kuyaacha yaelee.

Njia iliyo salama ni kuyachanganya kwanza na kitu kinachoyashika na pia kinachokubaliana na maji. Chukua vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji isiyo na harufu, tia matone 3 ya lavenda na tone 1 la mnanaa, koroga vizuri, ndipo umimine katika beseni la lita tano. Ongeza kiganja cha chumvi ukipenda. Anayetengeneza mafuta ya kuogea kwa wingi atahitaji kichanganyishi kama polisobeti 20, kwa kiasi ambacho mtengenezaji wake ameelekeza. Kwa sisi ambao mfereji hufungwa siku kadhaa za wiki, beseni la miguu jioni ni starehe inayopatikana bila kumaliza maji ya mtungi.

Sabuni ya kipande

Sabuni ya kutengenezwa bila kupika ni somo linalojitegemea, na sitalieleza lote. Lakini yanayohusu harufu ni haya. Pima magadi makali, yaani haidroksidi ya sodiamu, kwa hesabu ya kila aina ya mafuta unayotumia, vaa glavu na miwani, na siku zote mimina magadi ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya magadi. Mafuta ya kunukia huingia mwisho kabisa, mchanganyiko unapokuwa mzito kama uji mwepesi, kwa kiasi cha gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya mafuta ya msingi. Harufu za machungwa hufifia katika sabuni kabla haijamaliza wiki zake nne hadi sita za kukauka. Mchaichai, leleshwa na ubani hudumu zaidi. Karafuu huugandisha mchanganyiko ghafla, wakati mwingine kabla hujaufikisha kwenye kiolezo.

Maji na kihifadhi

Bidhaa yoyote yenye maji, iwe ni maji ya waridi, utomvu wa shubiri au chai ya mimea, huota bakteria na ukungu ndani ya siku chache. Nililijifunza hilo kwa losheni ya shubiri niliyoitia mti wa chai nikiamini kwamba mafuta yanayosifiwa kuua vijidudu yangeilinda. Siku ya tisa ilikuwa na utando wa kijivu shingoni mwa chupa, na ninaumia kukumbuka kwamba chupa mbili zilikuwa zimekwisha kutoka nyumbani kwangu. Mafuta ya kunukia si kihifadhi kwa viwango vinavyoistahi ngozi. Vitamini E pia si kihifadhi. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache, basi. Mwenye kutaka kutengeneza losheni atumie maji yaliyokenekwa na kihifadhi halisi cha vipodozi kwa asilimia iliyoandikwa na mtengenezaji, na bidhaa ya kuuzwa ipelekwe maabara kupimwa vijidudu. Asiyekuwa tayari kwa hayo abaki na bidhaa kavu zilizotangulia, ambazo ni nyingi na ni nzuri.

Ngozi kwanza

Kabla ya kutumia bidhaa mpya, paka kiasi cha punje ya harage ndani ya kiwiko, usioshe, usubiri saa 24 hadi 48. Ngozi ikiwasha, ikawa nyekundu au kuvimba, iache. Mzio wa mafuta haya una tabia ya kujijenga: mtu hutumia lavenda kwa mwaka bila tatizo kisha siku moja ngozi hukataa, na ikishakataa huenda isikubali tena maisha yote. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutumia kiasi kidogo tangu mwanzo.

Watoto wachanga hawahitaji mafuta ya kunukia. Mkaratusi, mnanaa na rozmari visipakwe usoni wala kifuani mwa watoto wadogo, kwa kuwa vinaweza kuwaziba pumzi, jambo ninalolisisitiza kwa sababu mama wengi hukimbilia mkaratusi mtoto anapopata mafua ya Juni. Mjamzito, mwenye kifafa, mwenye pumu na anayetumia dawa za kila siku wazungumze na daktari kwanza. Chupa zote zifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki. Kiasi kidogo cha mkaratusi au karafuu kikimezwa kinaweza kumletea mtoto degedege. Ikitokea, usimtapishe, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kuandika lebo, kuuza na kuhifadhi

Anayepita hatua ya kuwapa jamaa na kuingia sokoni anahitaji kibali cha alama ya ubora kutoka Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Lebo itaje viambato vyote, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, nambari ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Usiandike kwamba siagi yako inatibu ukurutu au mabaka. Neno "hutibu" huigeuza bidhaa kuwa dawa, na dawa ziko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Zaidi ya sheria, mgonjwa anayekuamini anaweza kuchelewa kumwona daktari.

Mafuta ya kunukia yakae mahali penye giza na baridi, kifuniko kikiwa kimekazwa, tarehe ya kufunguliwa ikiwa imeandikwa kwenye chupa. Ya jamii ya machungwa na mti wa chai yatumike ndani ya mwaka mmoja, kwani hewa inapoyafikia huzaa kemikali zinazoamsha mzio kuliko mafuta yenyewe yalipokuwa mapya. Lavenda hustahimili miaka miwili hivi. Mafuta ya limau yaliyochakaa hayarudi tena kwenye ngozi ya mtu, lakini huna haja ya kuyamwaga: vaa glavu, loweka kipande cha pamba, na usugue gundi ya lebo kuukuu kwenye chupa ulizorudishiwa na wateja. Itatoka mara moja, na chupa zitakuwa tayari kuoshwa kwa ajili ya toleo linalofuata.